Jumapili Tuliyomkimbiza Pastori

Enzi zetu sinema ilikuja kwa baiskeli. Wenzangu mliokulia pande za Karagwe miaka ya tisini mwanzoni mtakumbuka: jenereta limefungwa kwa mipira nyuma ya baiskeli ya kwanza, televisheni imeviringishwa blanketi kwenye ya pili, na nyuma yake watoto wa kijiji kizima wanakimbia miguu mitupu katika vumbi la kiangazi, wakiimba jina la mwenye mali kama vile ni mgombea.

Mwenye mali aliitwa Deo. Alikuwa kijana wa senta ya Nyaishozi aliyekwenda Mwanza kutafuta maisha, akarudi na deki moja, kanda saba na suruali yenye mifuko mingi kuliko tulivyowahi kuona. Kila Jumapili saa nane mchana alikuja kijijini kwetu na kuonyesha sinema katika ghala la zamani la kahawa. Madirisha aliyaziba kwa magunia ili mwanga wa jua usiharibu picha. Ndani kulikuwa na joto, harufu ya petroli, harufu ya jasho, na harufu ya kahawa za kutafuna ambazo wazee walizimung'unya polepole wakiwa wamekaa mbele. Watoto tuliingia kwa yai moja. Deo alilinyanyua kila yai kwenye mwanga wa mlango na kulichungulia kama daktari anavyochungulia picha ya eksirei, na mwenye yai bovu alirudishwa nalo kwao, akilia.

Vijana wa leo mtu akiwaambia tuliangalia kanda ileile Jumapili sita mfululizo, wanacheka. Wao wana sinema elfu mfukoni na bado wanalalamika kwamba hakuna cha kuangalia.

Kanda tuliyoipenda kuliko zote haikuwa na jina, karatasi yake ilikuwa imebanduka. Ilikuwa ya kutisha. Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi: dada watatu, mafundi cherehani, wanaishi katika nyumba kubwa nje ya mji. Wezi watatu wanaona wale ni wanawake peke yao, wanavunja mlango wa nyuma na kuingia. Hapo watu wote ghalani walibana pumzi. Kisha dada mkubwa anatembea taratibu mpaka mlangoni, anafunga kwa ufunguo kutoka ndani, ufunguo anautia kifuani. Anawageukia wezi na kutabasamu. Kuanzia hapo wanaowindwa ni wezi. Wanajificha makabatini, wanapanda darini, wanagonga vioo vya madirisha, na wale dada wanawafuata chumba kwa chumba na mikasi na sindano za kushonea magunia, bila haraka, wakizungumza kwa upole kama wanaotafuta kuku aliyepotea.

Kiingereza hakuna aliyekijua kupita salamu ya mwalimu. Deo alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi akatutafsiria, Kiswahili kidogo, Kinyambo kidogo, na mengi aliyoyatunga mwenyewe. Mwizi mmoja alipokutwa ndani ya sanduku la vitambaa, Deo alipiga kelele, "Huyu hapaaa! Kwisha!" na ghala zima likamjibu, "Kwisha!" Mwizi wa mwisho alipopiga magoti akibubujikwa na machozi, Deo alisema, "Anasema ana mama yake mgonjwa." Tulicheka mpaka benchi moja likavunjika.

Aliyekaa mbele yangu Jumapili zile, akicheka kuliko wote, alikuwa mtu aliyeitwa Pastori. Alikuwa kibarua. Alisema kwao ni Kibingo, na msimu wa kahawa alizunguka nyumba kwa nyumba akichuma na kuanika. Kwetu alikuja kila mwaka. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye pengo la meno mawili, na mama alimpakulia katogo ya ndizi na maharage kwenye sahani ileile tuliyokula sisi. Nilipokosa kuona picha kwa sababu ya kichwa chake, nilimgonga begani naye akainama kidogo.

Kanda ile ilibadilisha hata michezo yetu. Kabla yake tulicheza rede na kombolela kama watoto wengine. Baada yake tukacheza dada watatu. Kila mmoja alitaka kuwa dada, hakuna aliyetaka kuwa mwizi, kwa hiyo wizi ulimwangukia mdogo wangu Adela kwa sababu hakujua kukimbia wala kubisha. Alijificha migombani, sisi tukamtafuta tukiwa na vijiti, na aliyemwona alisema maneno ya Deo. Jioni mama alimwona Adela na mikwaruzo akaniuliza, "Justa, mwenzio mnamfanya nini?" Nikajibu, "Tunacheza tu, mama." Mama akasema, "Mchezo gani anaolia mtu mmoja tu kila siku?" Lakini alikuwa na chungu motoni, yakaishia hapo.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Jirani yetu wa upande wa chini aliitwa Mama Sperata. Alikuwa mjane. Sperata, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa mbali, na mama mtu aliishi peke yake katika nyumba ya bati yenye ua mpana, kahawa zimemzunguka pande zote. Alizaliwa ng'ambo, Rwanda, akavuka na wazazi wake akiwa msichana, na Kinyambo chake kilikuwa na mvuto fulani wa kwao ambao watoto tuliuiga akiwa hayupo. Alikuwa mkali. Kuku wa watu wakiingia kwenye kahawa yake iliyoanikwa, alikuja mpaka kwenu kukuambia, tena wakati wa kula. Mwaka ule mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kisichopona, na ndiyo sababu Jumapili ile hakwenda kanisani.

Watu wengine wote tulikwenda, Walutheri huku, Wakatoliki kule kwenye kigango chao ng'ambo ya bonde. Kijiji kikabaki kitupu kama ilivyokuwa kila Jumapili saa nne, na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi kwetu alilijua hilo.

Tulikuwa katikati ya wimbo tuliposikia enduru, yale mayowe ya kuita watu ambayo kwetu hayapigwi kwa mchezo. Sauti ilipanda kutoka bondeni, ikakatika, ikapanda tena. Mwinjilisti alinyamaza. Wanaume wa mabenchi ya nyuma walitoka kwanza, baba yangu akiwa miongoni mwao na fimbo yake ya kutembelea, kisha wanawake, kisha sisi. Hakuna aliyetukataza.

Tulimkuta Mama Sperata ameketi uani kwake, mchi wa kinu mapajani, kitambaa cha kichwa kimedondoka. Kahawa yake ilikuwa imetapakaa kwenye nyasi. Alisimulia kwa ufupi, akihema. Wanaume wawili walikuja na magunia na kuanza kuzoa kahawa kwenye majamvi. Walidhani nyumba haina mtu. Yeye alitoka kwa mlango wa jikoni na mchi, akampiga mmoja mgongoni. Wa pili alikimbilia barabarani. Huyu aliyepigwa alikimbilia migombani.

"Umemtambua?" baba aliuliza.

"Nimemwona mgongo," alisema. "Mgongo nimeuona vizuri."

Watu walicheka. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu baada yake mambo yalibadilika. Kabla yake watu walikuwa na hofu, sasa walikuwa na furaha. Wanaume walijipanga mstari na kuingia migombani, wakipiga mashina kwa fimbo. Wakatoliki nao walikuwa wamefika, wakaingia kutoka juu. Deo, ambaye siku ile aliwahi kuja kusali kwetu na kuacha vyombo vyake ghalani, alikuwa katikati akiwa na shati lake la kanisani, na kila baada ya hatua chache alisema kwa ile sauti ya ghalani, "Dada mkubwa amefunga mlango!" Watu wakamjibu. Hata wazee walimjibu. Ilikuwa asubuhi angavu, jua limepenya kwenye majani na kufanya madoa ardhini, na kwa ukweli wote nilionao, sijawahi kufurahi namna ile.

Mimi nilizijua njia za migomba ile kuliko wanaume, kwa sababu ndimo tulimochezea. Nikawatangulia. Mpakani mwa shamba la Mama Sperata kulikuwa na shimo la kuivishia ndizi za pombe, refu kama mtu aliyeketi. Msimu ule halikuwa na ndizi. Lakini lilikuwa limefunikwa majani makavu, na majani hayo yalikuwa yakipanda na kushuka.

Niliinama. Kwanza niliona mguu, kisha majani yakasogea nikaona uso. Alikuwa Pastori. Alikuwa na udongo mdomoni. Alinitazama, wala hakushangaa kuniona.

"Justa," alisema kwa sauti ndogo, "nyamaza, mwanangu."

Ningependa kuandika kwamba nilisita. Sikusita. Nilisimama wima nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Huyu hapaaa!"

Na migomba yote ikanijibu, "Kwisha!"

Walimtoa kwa miguu. Sitaeleza yote. Alipigwa kwa fimbo na kwa mateke, na aliyempiga kwanza alikuwa mtu mpole ambaye hata mbwa wake hakuwahi kumpiga. Pastori alikinga kichwa kwa mikono akawa anataja majina ya watu, mmoja mmoja, kwa kuwa aliwajua wote, alikuwa amechuma kahawa zao. Alimtaja na baba yangu. Baba alikuwa amesimama na fimbo imeinuliwa, haijashuka. Kisha mtu mmoja, sikuona ni nani, akasema, "Deo, petroli si unayo?"

Kila mtu alimtazama Deo. Naye akageuka na kuanza kutembea kuelekea ghalani, haraka kidogo, kama mtu aliyetumwa na mkubwa.

Hapo ndipo Mama Sperata alipofika. Alikuwa ameteremka peke yake kutoka uani, akitumia ule mchi kama mkongojo, na hakuna aliyekuwa amemkumbuka. Alipenya katikati ya watu akiwasukuma wanaume kwa kiwiko.

"Deo!" aliita. "Unakwenda wapi?"

Deo alisimama.

"Nakuuliza unakwenda wapi."

"Mama, ni huyu mwizi."

"Mwizi wa nani?"

Akamwelekezea Pastori ule mchi.

"Huyu ni mwizi wangu," alisema Mama Sperata. "Alikuja kwangu. Nimempiga mimi, kwa mkono wangu, na mahakamani nitakwenda mimi. Ninyi amewaibia nini?"

Mtu mmoja kutoka nyuma alisema, "Mama, toka hapo. Watu wa namna hii wakiachwa wanarudi."

Badala ya kutoka, alikaa chini. Alikaa pale pale kwenye udongo, akaunyoosha ule mguu mbovu na kuulaza juu ya kifua cha Pastori, bendeji na yote. "Haya," alisema. "Anayewasha moto aanze na mguu huu. Huu umeshaoza, hautanipa hasara."

Wengine walicheka, na kicheko hiki hakikufanana na kile cha kwanza. Watu wakaanza kutazamana. Mtu anapokuwa amevaa nguo za kanisani na ana damu ya mwenziwe kwenye kiatu, akitazamwa na jirani anajiona. Baba alishusha fimbo yake. Akasema, "Twendeni ofisi ya kijiji," na sauti yake ilikuwa imekauka mpaka akalazimika kurudia. Wanaume wanne wakamwinua Pastori. Mama Sperata alitembea nyuma yao njia nzima ili wasije wakabadilisha mawazo, akilalamika kwamba wanakwenda mbio.

Pastori alikaa chini ya ulinzi wa mgambo siku ile, kesho yake polisi wakamchukua. Mama Sperata alikwenda kutoa ushahidi kama alivyosema, hakumpunguzia neno. Baadaye tulisikia kwamba Pastori alifungwa, akatoka, akarudi upande wa kwao. Mwezi mmoja kabla ya siku ile nilikuwa nimekula naye sahani moja. Sikumwona tena.

Nyumbani jioni ile baba hakula. Alikaa kwenye kiti chake akichezea fimbo, mwishowe akamwambia mama, "Aliniita jina." Mama akasema, "Nilisikia." Baada ya muda mama akauliza, "Ni nani aliyemwona kwanza pale shimoni?" Baba alisema hajui, ilikuwa sauti ya mtoto. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Niliendelea kuchambua.

Lakini Mama Sperata aliijua sauti ile. Kesho yake asubuhi alikuja kwetu akamwambia mama anaomba msaada wa Justa, kahawa imemwagika kwenye nyasi na yeye hawezi kuinama. Nikaenda. Tuliokota siku mbili, yeye ameketi kwenye kigoda mguu umenyooshwa, mimi nimepiga magoti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, basi. Siku nzima ya kwanza hakusema jambo jingine isipokuwa kunionyesha punje nilizoziruka.

Siku ya pili mchana alisema, "Una macho mazuri."

Nikaokota punje nyingine.

"Mimi nilipokuwa wa umri wako tulikimbizwa kwetu," aliendelea, akiwa bado anapeta kahawa kwenye ungo. "Tulikuwa watu saba. Tulishinda siku nzima kwenye mafunjo ya mto, maji hapa," akajigusa shingoni. "Wale watu walipita kandokando wakitafuta. Walikuwa na mtoto wao, msichana. Yeye akachungulia. Alinitazama hivi kama ninavyokutazama wewe."

Akapuliza maganda.

"Akafanyaje?" niliuliza.

"Akakwenda zake," alisema. "Pale nyuma ya majani, umeruka tatu."

Niliziokota zile punje tatu. Alipomaliza kupeta alinipa ndizi mbivu mbili, moja ya kwangu na moja ya Adela, akaniambia nimsalimie mama. Hakuligusia tena jambo hilo mpaka alipohamia kwa binti yake miaka kadhaa baadaye. Wala mimi sikumwomba msamaha, kwa kuwa sikujua kama ni yeye wa kuombwa.

Deo aliendelea kuja kwa muda. Ile kanda ya dada watatu alisema imeliwa na deki. Huenda ni kweli, kanda zilikuwa zinaliwa kweli. Alituonyesha za ngumi na za ndoa za Wahindi, na alitafsiri bila kupayuka, hata tukaanza kumchoka. Watoto hatukucheza tena ule mchezo. Adela peke yake, siku moja, aliniuliza, "Leo mwizi nani?" Nikamwambia twende tukaruke kamba.

Siku hizi nikienda nyumbani likizo, ghala limekuwa duka la kuchaji simu. Wenzangu wa rika lile tukikutana kwenye harusi, mazungumzo hayachukui muda kufika kwa Deo na mayai yake. Tunaikumbuka ile sinema kipande kwa kipande: ufunguo kifuani, sanduku la vitambaa, mwizi aliyepiga magoti. Daima kuna mmoja anayepaza sauti na kusema "Huyu hapaaa!" na meza nzima inamwitikia, na mimi naitikia pamoja nao. Tukishacheka tunafuta macho, mtu anaanza kusema jinsi watoto wa sasa walivyopoteza umoja. Wote tunakubali. Pastori hatajwi. Miaka yote hii sijasikia mtu akimtaja, nami sijamtaja.

Na ni kweli wamepoteza kitu. Watoto wa Adela wanakaa sebuleni watatu, kila mmoja na simu yake, waya masikioni, wanaangalia sinema tatu tofauti. Juzi nilichungulia ya mmoja wao nikaona watu wakikimbizwa ndani ya nyumba yenye milango iliyofungwa. Yeye alikuwa anakula karanga. Hakushtuka, hakumwita mwenziwe aone, hakupiga kelele. Enduru ikipigwa nje hawataisikia, na wakiisikia watauliza ni mlio wa nini. Wamezungukwa na ukuta na geti, hawajui migomba ya jirani inaishia wapi.

Nikamwambia kwamba sisi tuliangalia sinema kijiji kizima, kwa televisheni moja, na kiingilio kilikuwa yai. Akatoa waya sikio moja.

"Pole, mama mkubwa," alisema, na alimaanisha.

Nikamshukuru. Yeye ana miaka kumi na miwili, umri niliokuwa nao mimi Jumapili ile, na hajawahi kumnyooshea mtu yeyote kidole. Ananihurumia kwa kukosa simu. Mimi namwonea wivu.